Jina Lisilo na Kwao: Uchambuzi wa Kisa cha Saa ya Kumuaga Mwalimu

Kisa hiki kilianza kwa nia njema, na ndiyo maana nimeona nikiandike chote, tangu siku tuliyochanga fedha hadi siku tuliyoketi kuandika malalamiko. Katika shule ya msingi ninayofundisha, ndani ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji, mwalimu mwenzetu alitimiza miaka 60 na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Alikuwa amefundisha hisabati kwa miaka 34, na katika muda wote aliokaa nasi yeye ndiye aliyesimamia kengele, ingawa hakuwahi kuandikwa kwenye zamu, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba saa yake haikosei. Tulipokaa kujadili zawadi, jibu lilipatikana kabla ya chai kupoa: tumnunulie saa. Walimu 19 tulichanga shilingi 10,000 kila mmoja, kamati ya shule ikaongeza 30,000, nami nikateuliwa kuwa katibu na mtunza fedha wa shughuli hiyo. Kwa hiyo makosa nitakayoyaeleza hapa yalipita mikononi mwangu, na sina wa kumsukumia.

Saa tuliiona kwenye tangazo lililojitokeza katika simu ya mwalimu mmoja kijana alipokuwa akipitia mtandao wa kijamii wakati wa mapumziko. Bei ya 780,000 ilikuwa imekatwa mstari, na chini yake, kwa rangi nyekundu, iliandikwa 195,000, pamoja na hesabu ya saa, dakika na sekunde zilizosalia kabla punguzo halijafungwa. Jina la saa sitalitaja, lakini muundo wake unafaa kuelezwa, kwa kuwa ndio uliotupumbaza: neno kuu lina mlio wa jina la ukoo wa Kifaransa, na chini yake, kwa herufi ndogo, limewekwa jina la mji wa Geneva. Picha zilionyesha milima yenye theluji na mzee aliyebana lenzi jichoni akiinamia mashine ya saa. Maelezo, yaliyoandikwa kwa Kiswahili safi, yalitaja ufundi wa Uswisi wa tangu karne ya 19, dhahabu ya karati 18, kioo cha yakuti samawi, uwezo wa kuhimili maji hadi mita 30, na toleo maalumu la saa 500 tu duniani kote.

Hatukununua kwa pupa. Sisi watu wa Kigoma tumeuziwa mbuzi kwenye gunia mara nyingi kiasi cha kujifunza, na neno feki tunalijua tangu utotoni, kuanzia betri za redio hadi chaja za simu. Kwa hiyo nilimwandikia muuzaji ujumbe wa WhatsApp, nikamuuliza swali ambalo kila Mtanzania mwangalifu huuliza: je, hii ni orijino au ni kopi? Jibu lilikuja kabla dakika haijaisha: “Orijino kabisa mwalimu, sisi hatuuzi kopi.” Tukaongeza uangalifu mwingine. Tuliliandika jina la saa kwenye intaneti, tukakuta tovuti yenye picha zilezile na maoni ya wateja yenye nyota tano tano, na hatukukuta mtu hata mmoja anayelalamika kwamba aliuziwa saa bandia ya jina hilo. Kukosekana kwa malalamiko ya namna hiyo tulikuchukua kuwa ushahidi kwamba saa ni halisi.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa kisa chote, nami nilichukua wiki kadhaa kuutambua. Muuzaji hakusema uongo alipojibu swali langu. Saa ile kweli haikuwa kopi ya saa nyingine, kwa sababu hakuna kampuni yoyote yenye historia iliyowahi kutengeneza saa za jina lile. Kopi huhitaji asili, na asili haikuwepo. Silaha yetu ya miaka mingi, yaani kulinganisha bidhaa iliyo mkononi na ile tunayoijua, ilikosa pa kushika. Niliuliza swali lisilo lake, nikapewa jibu la kweli, na jibu hilo la kweli ndilo lililonifanya nitoe fedha za watu.

Malipo yalikwenda kwa Lipa Namba yenye jina la mtu binafsi. Jambo hilo lilinishtua kidogo, lakini nilijiambia kwamba wafanyabiashara wengi wadogo hufanya hivyo, na ni kweli hufanya hivyo. Mzigo ulitumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam kwa shilingi 12,000, nami nikaupokea stendi jioni ya siku ya pili. Sanduku lilikuwa zito kuliko nilivyotarajia, lenye kitambaa laini ndani, mto mdogo wa kuzungushia saa, na kadi nene iliyojiita cheti cha dhamana, ambayo haikuwa na namba ya saa, tarehe, muhuri wala anwani ya mtu wa kumpelekea dhamana hiyo. Nikiyatazama sasa, naona kwamba gharama kubwa ilikwenda kwenye kile ambacho mpokeaji hukiona kwa dakika moja tu, yaani sanduku. Siku ya kuaga, Mwalimu alilifungua mbele ya wanafunzi, akaivaa saa palepale, akainua mkono juu, na watoto wakapiga makofi kwa muda mrefu. Simulizi inayofuata ni ngumu kwangu kwa sababu ya makofi hayo.

Wiki ya tano Mwalimu alinipigia simu, na hakupiga kulalamika. Aliniuliza, kwa adabu ya mtu anayeogopa kuonekana hana shukrani, kama kulikuwa na karatasi ya maelekezo ambayo labda hakupewa, kwa sababu alihisi huenda yeye ndiye anayeitumia saa vibaya. Nilikwenda kwake Ujiji jioni hiyohiyo. Ukungu ulikuwa umejaa chini ya kioo kiasi kwamba tarakimu za juu hazikusomeka. Kwenye kona ambako mkanda unakutana na mwili wa saa, dhahabu ilikuwa imebanduka na kuacha doa la kijivu, na ngozi ya mkono wake chini ya doa hilo ilikuwa imeweka weusi uliokataa sabuni. Kioo kilikuwa na mikwaruzo mitatu mirefu. Mwalimu ni mtu wa swala tano, na kwa kuwa aliona maandishi ya mita 30, hakuona sababu ya kuivua saa wakati wa kutawadha. Alinionyesha maandishi hayo kwa kidole, kama mwanafunzi anayethibitisha kwamba alisoma swali sawasawa.

Siku iliyofuata niliipeleka saa kwa fundi ambaye meza yake iko barazani mwa duka moja pale Mwanga, mzee niliyemfahamu tangu nikiwa mwanafunzi. Nilimwamkia, akaitikia, akaipokea saa kwa mikono miwili kama anavyozipokea zote, kisha akaipimapima uzito kiganjani. Kabla ya kuifungua aliigeuza na kunionyesha maandishi yaliyozunguka kifuniko cha nyuma. “Soma mwanangu, wewe ndiye mwalimu,” aliniambia. Yalisema kwa Kiingereza kwamba kifuniko cha nyuma ni cha chuma cha pua. “Hayo ni maneno ya kweli,” akasema. “Wamesema mgongo. Mwili hawakuusema.” Mwili wenyewe, pale ulipovuliwa dhahabu yake, ulikuwa wa aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu na kupakwa utandu wa rangi ya dhahabu mwembamba kuliko unywele. Karati 18 maana yake ni kwamba sehemu 18 kati ya 24 za madini hayo ni dhahabu tupu; mwili wa saa wenye sifa hiyo haupatikani kwa shilingi 195,000, wala kwa ile 780,000 iliyokatwa mstari, na hesabu hiyo walimu 19 tungeweza kuifanya ubaoni kwa dakika mbili laiti tungekumbuka kuifanya.

Alipoingiza kisu kwenye ufa, kifuniko kilitoka kwa mlio mdogo. Ndani ya mwili wenye upana wa milimita 42 kulikuwa na pete nyeupe ya plastiki, na katikati ya pete hiyo, ikiwa imeshikiliwa kama punje ndani ya ganda, mashine iliyokaribia ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nafasi iliyobaki yote ilikuwa tupu. Fundi alibana lenzi jichoni, akafuta vumbi la unyevu kwa kitambaa, akaisoma mashine. Kwa alama zake ilikuwa ya aina ya 2035 ya Miyota, kampuni iliyomo katika kundi la Citizen la Japani, mashine inayotumia betri ndogo ya 626 na ambayo bamba lake huandikwa wazi kwamba haina kito hata kimoja, yaani kijiwe kigumu cha kupunguza msuguano. Nilimuuliza Uswisi iko wapi hapo. “Haimo,” alijibu. “Lakini mashine hii usiidharau. Ukiipa betri nzuri, inakwenda miaka.” Kisha akauinua uso wa saa kwa kibano na kunionyesha upande wake wa nyuma. Vile viduara vitatu vidogo vya usoni ambavyo tangazo lilivisifu, na ambavyo Mwalimu alikuwa amekata tamaa ya kuviwasha, vilikuwa na mishale iliyochomekwa kwenye bati la uso na kuishia hapohapo. Mashine ile huzungusha mishale mitatu ya katikati tu. Hakuna kitu nyuma ya viduara vile, na hakikukusudiwa kuwepo.

Inafaa niieleze mashine hiyo, kwa sababu ubora wake ni sehemu ya hoja yangu. Ndani yake mna kipande cha fuwele ya kwatsi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde kinapopata umeme wa betri. Sakiti huigawa idadi hiyo kwa mbili, tena na tena, hadi ibaki moja, na moja hiyo ndiyo hatua ya mshale wa sekunde. Nilipomweleza Mwalimu jambo hili alichukua kalamu akagawa mwenyewe nyuma ya bahasha, akafika moja baada ya kugawa mara 15, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu kisa kianze. Kwa vipimo vya mtengenezaji, mashine ya aina hiyo haipotezi wala kuongeza zaidi ya sekunde 20 kwa mwezi mzima. Saa ya mitambo ya Uswisi, yaani inayoendeshwa kwa springi bila betri, iliyofaulu majaribio rasmi ya usahihi huko kwao huruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kutangulia sekunde 6 kwa siku moja. Kwa maana nyingine, katika kazi ya kupiga kengele ya shule, saa ya bei ndogo inaishinda saa ya mamilioni, na imekuwa hivyo kwa muda mrefu. Seiko walipoitoa Japani saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi, tarehe 25 Desemba 1969, waliiuza yeni 450,000, bei iliyokaribia ya gari dogo la wakati huo. Katika miaka iliyofuata teknolojia hiyo ilishuka bei kiasi cha kuitikisa Uswisi yenyewe, ambako kazi za viwanda vya saa zilianguka kutoka karibu 90,000 mwaka 1970 hadi karibu theluthi moja ya idadi hiyo katikati ya miaka ya 1980.

Viwanda vya Uswisi vilivyobaki viliendelea kuishi kwa kuuza kitu tofauti na usahihi: mikono ya mafundi, madini ya kweli, uhakika kwamba saa itapata vipuri baada ya miaka 30, na jina lililojengwa kwa vizazi. Mtu anaweza kuona kwamba vitu hivyo havistahili fedha anazoombwa, na mimi kwa mshahara wangu naona hivyo, lakini ni vitu vilivyopo. Jina la kubuni huazima harufu ya vitu hivyo vyote bila kuwa na kimoja. Hali hiyo ilikuwa inaonekana hata kwenye video ya tangazo, kama tungeitazama kwa macho ya fundi: maelezo yalizungumzia moyo wa mitambo unaopiga, na wakati huohuo mshale wa sekunde ulikuwa ukiruka hatua moja kwa kila sekunde, ambayo ndiyo mwendo wa saa ya betri. Mshale wa saa ya mitambo huteleza kwa hatua ndogondogo kadhaa ndani ya kila sekunde. Tuliitazama video hiyo watu 19, wengine mara mbili.

Kuhusu maji na kioo nitasema machache. Alama ya mita 30 hutokana na kipimo cha shinikizo la maji yaliyotulia; haimaanishi kwamba mvaaji anaweza kuzama nayo kina hicho, na saa ya kiwango hicho, hata ikiwa ya kampuni inayoaminika, hukusudiwa kuvumilia manyunyu na mvua. Maji ya udhu yangepaswa kuwa ndani ya uvumilivu huo. Lakini fundi aliuvuta mpira wa kuzuia maji kutoka kwenye kifuniko nao ukakatika mkononi mwake. Ulikuwa mkavu na haukuwa umekaa kwenye mfereji wake upande mmoja, kwa hiyo hata ahadi ile ndogo haikutimizwa. Mikwaruzo nayo ilitoka Kibirizi, ambako Mwalimu huenda asubuhi kununua dagaa na mara nyingi husaidia kuwageuza pale wanapoanikwa mchangani. Mchanga una punje nyingi za kwatsi, zenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa mawe kuanzia 1 hadi 10. Yakuti samawi ina ugumu wa 9, kwa hiyo mchanga wa Kibirizi usingeweza kuikwaruza. Kioo cha kawaida kiko chini ya 7, na mchanga ukakikwaruza.

Swali lililofuata katika ofisi ya walimu lilikuwa kama saa hiyo ni feki, na mjadala ulikuwa mkali kuliko nilivyotarajia. Nilipoanza kusoma sheria niligundua kwamba neno hilo, tunalolitumia kila siku, halitusaidii hapa. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo Tume ya Ushindani huitumia kukamata na kuteketeza bidhaa bandia, humlinda kwanza mwenye alama ambayo mtu mwingine ameiiga. Katika kisa chetu hakuna aliyeigwa. Mtu anaweza kubuni jina leo na hata kuliombea usajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kwa sheria ya alama za biashara ya mwaka 1986, ilimradi halifanani na la mwingine na halipotoshi, na kubuni jina si dhambi; kila jina kubwa tunalolijua lilibuniwa na mtu siku moja. Lakini sheria ileile ya 1963 inagusa pia maelezo ya uongo yanayoambatanishwa na bidhaa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Kosa la muuzaji wetu liko kwenye maelezo: karati 18, yakuti samawi, ufundi wa Uswisi, toleo la saa 500, na bei ya 780,000 ambayo hakuna ushahidi kwamba saa hiyo iliwahi kuuzwa kwayo siku hata moja.

Kuna jambo dogo kwenye uso wa saa lililonionyesha kwamba aliyeitengeneza alijua mipaka hiyo vizuri kuliko sisi. Saa inayoruhusiwa kujiita ya Uswisi huandikwa hivyo kwa herufi ndogo sana chini kabisa ya uso, pale kwenye tarakimu ya 6 ambapo sisi Waswahili tunasoma saa kumi na mbili. Kwa kanuni za Uswisi zinazotumika tangu tarehe 1 Januari 2017, ruhusa hiyo hudai kwamba angalau asilimia 60 ya gharama za kuitengeneza ziwe zimetumika nchini humo, mashine yake iwe ya Uswisi, na ifungwe na kukaguliwa mara ya mwisho hukohuko. Kwenye saa ya Mwalimu, pale chini hapakuwa na neno lolote. Palikuwa na jina la mji wa Geneva juu, ambalo limeandikwa kwenye nyuso za saa za bei rahisi katika masoko yetu tangu nikiwa mtoto, na ambalo peke yake halisemi kwamba saa ilitoka huko. Kiwanda kilikaa kimya mahali ambapo kusema kungekuwa uongo ulio wazi. Uongo uliongezwa baadaye, kwenye tangazo, na mtu ambaye huenda hajawahi kuigusa saa hiyo.

Ninasema huenda hajawahi kuigusa kwa sababu ya yale tuliyoyakuta. Yule mwalimu kijana, ambaye aliumia sana kwa kuwa tangazo lilitoka kwenye simu yake, alichukua picha ya saa na kuitafuta kwa picha badala ya kwa jina. Kwa jina tulikuwa tumepata tovuti moja yenye nyota tano. Kwa picha tulipata saa ileile, viduara vilevile, mshale uleule uliosimama pembe ileile, ikiuzwa kwa majina manne tofauti, mawili yenye mlio wa Kifaransa, moja la Kijerumani na moja la Kiitaliano. Tulipata pia kurasa za wauzaji wa jumla wa China, ambako viwanda vya saa vimejaa hasa katika mkoa wa Guangdong, zikieleza kwamba mnunuzi akichukua idadi fulani atachapiwa jina lolote analotaka kwenye uso wa saa. Biashara hiyo ni halali, na wafanyabiashara wengi waaminifu duniani huitumia. Lakini inaeleza jinsi jina la kifahari linavyoweza kuzaliwa Jumatatu na kuwa na historia ya karne mbili kufikia Ijumaa. Ukurasa uliotuuzia, tulipofungua taarifa zake, ulikuwa umebadilishwa jina mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na mwanzoni ulikuwa ukiuza viatu vya kike.

Siku hiyohiyo ya fundi nilivuka barabara hadi kwa kijana anayepanga saa kwenye kipande cha kitambaa cheusi. Nilimwomba anionyeshe saa yenye mashine ya Kijapani, akanipa tatu nizishike. Moja ilikuwa na mwili wa chuma cha pua na mshale wa sekunde uliotembea vizuri, kwa shilingi 25,000. Nilimuuliza ni ya wapi. “Ya kawaida hiyo, mwalimu,” alisema. “Ya China, mashine ndiyo ya Japani. Maji usiiamini sana. Ikizingua niletee, niko hapahapa.” Katika sentensi hizo fupi alinipa kila kitu ambacho tangazo lilininyima: asili, mipaka ya bidhaa, na mahali pa kumpata. Tofauti kati ya bei yake na yetu ni shilingi 170,000, na nimejaribu kutafuta ni kitu gani tulichopewa kwa fedha hizo. Tulipewa sanduku, kadi, na hadithi ya mzee mwenye lenzi.

Mwenzangu mmoja alinipinga kwa hoja ambayo bado naiheshimu. Alisema kwamba zawadi ni heshima, na kwamba Mwalimu alifurahi kwa sababu ya hadithi hiyo, kwa hiyo tulichonunua tulikipata. Ningemkubalia kama saa ingekuwa pambo la ukutani. Lakini hadithi ile ilimfanya mtu mzima wa miaka 60 aingize saa kwenye maji kwa kuamini maandishi, kisha ajilaumu mwenyewe zilipopita wiki tano. Kujilaumu kwake ndiko kunakonikera zaidi katika kisa hiki chote. Mtu aliyeuziwa feki ya jina linalojulikana hujua kwamba ameibiwa. Aliyeuziwa jina la kubuni hukaa muda mrefu akidhani kwamba tatizo ni mikono yake, jasho lake, au ushamba wake wa kutojua vitu vya gharama.

Nilimwandikia muuzaji na kumtumia picha za kona iliyobanduka. Alijibu kwamba saa ni orijino na kwamba huenda mtumiaji hakufuata masharti. Nilimwomba masharti hayo. Alisoma ujumbe, hakujibu, na baada ya siku mbili picha yake ikatoweka kwenye simu yangu, nikajua nimezuiwa. Kwa bahati nilikuwa nimehifadhi picha za skrini za tangazo zima, pamoja na ile hesabu ya muda wa punguzo, ambayo ukifunga ukurasa na kuufungua tena huanza upya kutoka muda wa saa tatu kamili. Ujumbe wa kuthibitisha malipo, stakabadhi ya basi na mazungumzo yote ya WhatsApp vimo kwenye bahasha moja ofisini. Kama ningeanza upya leo, nisingeuliza kama saa ni orijino. Ningeuliza mashine yake ni ya nani na ya aina gani, mwili ni wa madini gani, dhamana inadaiwa kwa nani na katika jengo gani, na ningeitafuta kwa picha kabla ya kuitafuta kwa jina. Muuzaji mkweli hujibu maswali hayo kwa pumzi moja, kama yule kijana wa Mwanga.

Fundi aliikausha saa, akaweka mpira mpya, akaufunga mkanda wa ngozi mahali pa ule wa rangi ya dhahabu, akatoza shilingi 9,000. Walimu tulijadili kuchanga tena tumnunulie Mwalimu zawadi nyingine, tukamtuma mkuu wa shule akamwambie, naye akakataa kabisa, akisema kwamba mashine ni nzima na kwamba yeye alifundisha kwa saa za aina hiyo maisha yake yote. Alichotuomba ni kuona barua ya malalamiko kabla hatujaipeleka Tume ya Ushindani. Nilimpelekea rasimu yenye kurasa mbili, ambayo sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba tuliuziwa saa feki. Aliisoma yote taratibu, akaomba kalamu nyekundu, akakata neno moja katika sentensi hiyo, na juu yake akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: “iliyoelezwa kwa uongo.” Kisha akanirudishia karatasi ili nikaichape upya.